Difyuza ya Bati: Anzia Sakafuni, Malizia kwenye Pindo

Ukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, au ya Thika kule Nairobi, yatazame magari madogo yaliyo mbele yako. Hutakosa moja lenye bati jeusi linaloning'inia chini ya bampa ya nyuma, lenye mapezi matatu au manne kama ya samaki, limekazwa kwa skrubu mbili na kipande cha waya. Mwenye gari analiita difyuza. Linampendeza, nami simlaumu mtu kwa kulipenda gari lake. Lakini ukiinama na kuchungulia juu ya bati hilo utaona mwanga upande wa pili, maana halikuungana na kitu chochote kilicho mbele yake. Hewa inayotoka chini ya gari inalikuta limesimama njiani, inaingia nyuma yake kama upepo unavyoingia kwenye mwavuli, na gari linaongezewa mzigo wa kuvuta.

Makala haya ni ya yule anayetaka kutengeneza difyuza ya kweli, kwa bati, kwa mikono yake mwenyewe au akisaidiwa na fundi bati wa mtaani. Kazi hii inawezekana. Malighafi na ujuzi vipo Gerezani jijini Dar es Salaam, vipo Kamukunji jijini Nairobi, na vipo katika kila mji wenye watu wanaokunja mabati kuwa masanduku na majiko. Ninachotaka msomaji ashike ni mambo mawili. Difyuza ni kipande cha mwisho cha sakafu ya gari, kwa hiyo kazi yake inaanza mbele kabla ya kufika nyuma. Na bati lolote unalolifunga mkiani mwa gari ni dhamana kwa mtu anayekufuata barabarani.

Hewa inafanya nini chini ya gari

Aliyetembea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja wakati wa kusi anajua jambo hili bila kufundishwa. Ukiwa uwanjani upepo ni wa kawaida, ukiingia kichochoroni unakupeperusha kanzu. Upepo ni ule ule, ila umebanwa, na ukibanwa hukimbia. Mwanahisabati wa Uswisi, Daniel Bernoulli, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738 kwamba pale maji au hewa inapokwenda kasi zaidi, mgandamizo wake hupungua.

Chini ya gari nako ni kichochoro: juu kuna sakafu ya gari, chini kuna lami. Hewa ikikimbia hapo, mgandamizo unashuka, na hewa iliyo juu ya gari, yenye mgandamizo mkubwa zaidi, inalikandamiza chini. Matairi yanashika barabara vizuri zaidi bila gari kuongezwa mzigo hata wa kilo moja.

Kazi ya difyuza ni kuifungulia hewa hiyo mlango wa kutokea, tena taratibu. Fikiria zumari, jinsi mdomo wake unavyopanuka kidogo kidogo. Hewa inayopewa nafasi kwa mtindo huo hupunguza mwendo kwa utulivu na kurudia mgandamizo wa kawaida inapotoka nyuma, na kwa kufanya hivyo inaivuta hewa iliyo mbele yake ipite kwa kasi zaidi chini ya sakafu. Ukiipa nafasi kwa ghafla, inashindwa kulifuata bati. Inajitenga nalo, inajizungusha kama kimbunga kidogo, na faida yote inaishia hapo.

Walioonyesha nguvu ya sakafu hadharani ni timu ya Lotus ya Uingereza chini ya Colin Chapman. Mwaka 1977 walileta gari la Lotus 78, ambalo ndani ya pande zake lilifichwa umbo la bawa la ndege lililogeuzwa juu chini. Mwaka uliofuata Mario Andretti akatwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1, mara nyingi akiwa ndani ya mrithi wake, Lotus 79. Pembeni mwa magari hayo kulikuwa na sketi zilizoshuka hadi kwenye lami ili hewa ya kando isipenye na kuharibu kazi. Mwaka 1983 sheria ziliamuru sakafu iwe bapa, na wahandisi wakabakiwa na eneo la nyuma tu la kuchezea. Huko ndiko difyuza ilikopata umaarufu, hata mwaka 2009 timu ya Brawn ikashinda ubingwa na Jenson Button ikiwa na difyuza ya ghorofa mbili iliyozua mabishano makubwa.

Nimeyataja haya kwa sababu ya somo lake. Hakuna hata moja kati ya magari hayo lililofaidika kwa bati la nyuma peke yake. Yote yalikuwa na sakafu iliyotunzwa kuanzia pua hadi mkia.

Pima faida kabla ya kununua bati

Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kwenye kilomita 50 kwa saa, mgandamizo wa upepo unaokutana na gari ni kama paskali 116. Kwenye kilomita 100 unakuwa kama paskali 463. Kasi imeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne. Maana yake ni kwamba katikati ya mji, ambako mwendo halali ni kilomita 50 na foleni haikuruhusu hata hiyo, difyuza haitafanya jambo lolote utakalolihisi kwenye usukani.

Kimo cha gari nacho kina neno. Gari lililoinuka sentimita 20 kutoka ardhini linaiachia hewa nafasi kubwa, haibanwi, na haikimbii. Difyuza hupenda gari la chini, lakini barabara zetu zenye matuta na mashimo hazimpendi mwenye gari la chini. Kwa hiyo kama gari lako ni la kupeleka watoto shule na kwenda sokoni, tegemea faida ndogo: sakafu laini itapunguza kidogo ukinzani wa upepo na kelele ukiwa barabara kuu. Kama shida yako ni mafuta, anza na upepo wa matairi, mpangilio wa magurudumu na kuondoa mizigo isiyo ya lazima kwenye buti. Hizo ni kazi za siku moja na matokeo yake ni ya uhakika.

Anayepita sana barabara za vumbi na mawe anahitaji bati la namna nyingine. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, hufungwa bati nene chini ya injini ili jiwe lisipasue sampu. Bati la aina hiyo litakufaa kuliko difyuza.

Lakini kama unaendesha gari la chini, unashiriki mashindano kwenye njia iliyofungwa, au unapenda tu kujifunza ufundi kwa kazi ya kweli, basi endelea kusoma.

Sakafu kwanza

Siku nilipolipandisha gari langu kwa mara ya kwanza kwa nia ya kulitengenezea difyuza, nilikuta plastiki ya chini ya injini haipo. Ilifunguliwa gereji siku ya kubadilisha oili, klipu zikavunjika, ikaachwa huko. Tangu hapo nimechungulia chini ya magari mengi na kuona pengo hilo hilo. Magari mengi yanayotoka Japani huja na vifuniko hivyo, na kila kinachotolewa ni sehemu ya sakafu iliyopotea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuvitafuta vifuniko vya asili kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika na kuvirudisha kwa klipu mpya. Hatua ya pili ni kutazama eneo la katikati, kati ya milango ya mbele na ekseli ya nyuma, na kuziba mapengo makubwa kwa mabati bapa. Acha wazi njia ya ekzosi, acha wazi chini ya giaboksi, na usizibe kabisa sehemu ambayo hewa ya moto ya rejeta hutokea. Injini inayochemka haina shukrani kwa sakafu laini.

Mabati ya sakafu yanapopandana, fuata akili ya fundi wa paa. Yeye hulaza bati la juu juu ya lile la chini ili maji yateremke bila kupenya. Chini ya gari, maji ni hewa, nayo inateremka kutoka mbele kwenda nyuma. Ukingo wa nyuma wa bati la mbele upite chini, na ukingo wa mbele wa bati la nyuma ujifiche juu yake. Ukikosea hapo, upepo utapata mdomo wa kushika, na bati litafunguka kama ukurasa wa kitabu.

Vipimo na boksi la friji

Liweke gari mahali tambarare penye sakafu ngumu. Weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, inua kwa jeki, kisha ulilaze juu ya stendi za chuma. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa matofali. Tofali hupasuka bila kutoa onyo, na mtu aliye chini hana pa kukimbilia.

Pima kutoka nyuma ya ekseli ya nyuma hadi ukingo wa chini wa bampa. Katika magari mengi madogo utapata kati ya sentimita 50 na 80. Kisha pima upana kati ya magurudumu, ukiacha nafasi ya matairi. Angalia mikono ya saspensheni: iko wapi gurudumu likining'inia, na iko wapi gari likiwa limebeba watu? Rudisha gari chini, waombe watu watatu wakae kiti cha nyuma, upime tena. Kati ya bati na kitu chochote kinachotembea, acha sentimita 4 hadi 5. Fundi anayepima gari likiwa tupu atalisikia bati likigongwa kwenye tuta la kwanza.

Sasa pembe. Huna haja ya chombo cha gharama. Anza na kanuni hii: kwa kila sentimita 8 za urefu, bati lipande sentimita 1. Bati lenye urefu wa sentimita 60 litapanda sentimita 7 na nusu, ambayo ni pembe ya digrii 7 hivi. Ukitaka kuthubutu, panda sentimita 1 kwa kila 6, na bati lile lile litapanda sentimita 10, sawa na digrii 9 na nusu. Zaidi ya hapo usiende bila majaribio nitakayoyaeleza mbele. Ukifika digrii 15 kwenye gari la kawaida, hewa kwa kawaida huwa imekwisha kuliacha bati. Pembe ipimwe dhidi ya barabara, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pimamaji mkononi.

Usikate bati bado. Tafuta boksi kubwa la friji, ulifungue, ukate umbo la difyuza kwa kisu. Lijaribu chini ya gari, lipunguze, lijaribu tena. Toboa mahali pa bolti. Andika juu yake kwa herufi kubwa: MBELE, NYUMA, KULIA, KUSHOTO, JUU, CHINI. Ukiwa umelala chali, kulia na kushoto vinachanganya, na kosa la kwenye boksi hugharimu dakika tano ilhali kosa la kwenye bati hugharimu bati lote. Waswahili walisema usione vyaelea, vimeundwa. Saa utakayoitumia kwenye boksi ndiyo sehemu ya kuundwa.

Bati gani ununue

Chaguo bora ni alumini ya unene wa milimita 1.5. Kipande cha sentimita 120 kwa 70 kina uzito wa kilo 3 na nusu hivi. Kipande hicho hicho kwa chuma cha milimita 1.2 kinakaribia kilo 8. Ukinunua alumini, ulizia aina yake. Ile yenye namba 5052 inakubali kukunjwa. Ile ya 6061 iliyoimarishwa kwa joto ni ngumu na imara, lakini ukiikunja kwa kona kali inapasuka. Muuzaji asipojua namba, omba kipande kidogo ukikunje mbele yake hadi kona ya digrii 90. Kikionyesha mistari ya kupasuka mgongoni, tafuta kingine.

Chuma cha mabati yaliyopakwa zinki kinapatikana kirahisi na bei yake ni nafuu, nacho kitafaa kama huna budi. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, unene unashuka, na bati la kuezekea ni jembamba mno kwa kazi hii: litatetemeka hadi lichanike. Na usilichomelee bati la zinki mahali pasipopita hewa. Moshi wake huleta homa na baridi kali saa chache baadaye, na mafundi wengi hudhani ni malaria. Difyuza nzuri haihitaji kuchomelewa hata kidogo. Ribeti na bolti zinatosha.

Kukata, kukunja na kupiga pindo

Chora mistari kwenye alumini kwa kalamu ya wino mzito. Usikwaruze kwa msumari mahali patakapokunjwa, kwa sababu ufa huanzia kwenye mkwaruzo, na usitumie penseli, kwa sababu unga wake ukibaki juu ya alumini huchochea kutu. Mikunjo miwili inapokutana konani, toboa kwanza tundu dogo la milimita 5 ili kona isichanike. Kata kwa mkasi wa bati au msumeno wa umeme, macho yakiwa na miwani, kisha pitisha tupa na msasa kwenye kingo zote.

Kukunja hakuhitaji mashine. Chukua vyuma viwili vya pembe vyenye urefu wa kupita upana wa bati, libane bati katikati yake kwa klampu au jiriwa, halafu likunje polepole kwa ubao na nyundo ya mpira, ukipita mwanzo hadi mwisho kidogo kidogo. Anayepiga sehemu moja hadi ilale, kisha akahamia nyingine, huishia na bati lililojikunyata.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wahunzi wetu wanalijua kuliko vitabu vingi vya magari. Pitisha kidole kwenye mdomo wa karai au ndoo ya bati iliyotengenezwa kwa mkono. Hukatwi. Fundi amekunja ukingo, mara nyingi akauzungusha juu ya waya, kwa sababu mbili: mtu asijeruhiwe, na chombo kisilegee. Bati jembamba lenye pindo lina ugumu ambao bati nene lisilo na pindo halinao. Difyuza inahitaji pindo hilo hilo kwenye ukingo wake wote wa nyuma na wa pembeni. Kunja sentimita 1 na nusu kuelekea juu, ulilaze pindo kabisa, ili upande wa chini unaopitiwa na hewa ubaki laini. Mwombe fundi wa masanduku akupigie pindo hilo. Kwake ni kazi ya dakika chache, na mkono wake umeshaizoea.

Sababu ya pindo ni kubwa kuliko uzuri. Difyuza inakaa kwenye kimo cha ugoko wa mtu mzima na uso wa mtoto aliyeinama kuokota mpira. Ukingo mkali wa bati mahali hapo ni panga lililofungwa kwenye gari. Isitokeze nje ya bampa hata kwa sentimita 1.

Mapezi na pande

Mapezi ya wima yana kazi. Yanaizuia hewa chafu inayorushwa na matairi isiingie katikati na kuivuruga ile inayotoka kwa utulivu. Kwa hiyo yaliyo muhimu kuliko yote ni yale mawili ya pembeni kabisa, ambayo watengenezaji wa mapambo huyasahau. Pezi liwe na umbo la pembetatu: mbele linaanzia sifuri, nyuma linafikia kimo ambacho bati limepanda, ili ukingo wake wa chini uwe sawa na sakafu. Likishuka zaidi ya hapo litachubuliwa na kila tuta. Ongeza mawili au matatu katikati, yakielekea mbele na nyuma moja kwa moja. Kila pezi likunjwe mguu wa sentimita 2, lipigwe ribeti kila baada ya sentimita 10, na kila ribeti ikae mbali na ukingo wa bati kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake.

Kufunga

Watu wengi hudhani upepo hulisukuma bati juu. Ni kinyume. Chini ya difyuza mgandamizo ni mdogo, juu yake ni mkubwa, kwa hiyo bati huvutwa kuelekea barabarani. Piga hesabu ya tahadhari: eneo la sentimita 120 kwa 70, kwenye kilomita 100 kwa saa, ukichukulia nguvu yote ya upepo, ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 40. Ongeza mtikisiko wa barabara mbovu kwa saa nyingi. Skrubu mbili na waya haziwezi.

Tumia sehemu zisizopungua nane za kufungia. Tafuta matundu na bolti zilizopo tayari: mabano ya bampa, vishikizo vya ekzosi, kingo za shimo la tairi la akiba. Tengeneza mabano ya chuma cha milimita 3, tumia bolti za milimita 8 mbele na za milimita 6 nyuma, nati zenye nailoni ndani ili zisifunguke kwa mtikisiko, na washa pana upande wa bati. Usifunge chochote kwenye mkono wa saspensheni wala kwenye bomba la breki. Kabla ya kutoboa tundu jipya, hakikisha unajua kilicho upande wa pili. Mabomba ya mafuta na ya breki hupita huko chini, na tenki haliko mbali.

Halafu ongeza nyaya mbili za chuma, moja kila upande, kutoka kwenye bati hadi kwenye fremu ya gari. Bolti zikishindwa siku moja, bati litaburuzwa kwa kelele, utasikia na kusimama. Halitaruka.

Joto, tope na chumvi

Acha sentimita 5 au zaidi kati ya bati na ekzosi, na bomba la moshi litokeze nje kabisa ya difyuza. Moshi ukinaswa juu ya bati unaweza kupenya ndani ya gari, na hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuonya. Majani makavu nayo hupenda kujikusanya juu ya bati karibu na ekzosi ya moto, na moto huanzia hapo. Yatoe kila unapoosha gari.

Toboa matundu ya milimita 10 sehemu ya chini kabisa ya bati ili maji na tope vitoke. Tope la masika likikauka juu ya difyuza linaweza kuwa zito kuliko difyuza yenyewe. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar kuna adui mwingine: chumvi. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa. Weka mpira au plastiki kati ya mabano na bati, paka rangi pande zote mbili, na kabla ya rangi tumia praima maalumu ya alumini, kwa sababu rangi ya kawaida hubanduka.

Majaribio ya nyuzi

Rangi ikikauka, jaribu. Kata nyuzi za sufu zenye urefu wa sentimita 8, uzibandike upande wa chini wa difyuza kwa mkanda, ncha moja tu, kwa safu, kila baada ya sentimita 10. Funga kamera ndogo kwenye ndoano ya kuvutia gari, ikitazama bati. Nenda kwenye barabara tulivu iliyonyooka, au bora zaidi kwenye uwanja wa mashindano, uendeshe kwa kasi halali bila kuishika simu, kisha urudi nyumbani utazame picha.

Nyuzi zikilala zote kuelekea nyuma kwa utulivu, hewa inalifuata bati. Safu za mwisho zikicheza huku na huku au zikigeukia mbele, hewa imejitenga. Punguza pembe kidogo na ujaribu tena. Jaribio hili la nyuzi chache litakuambia ukweli ambao hakuna rafiki wala muuzaji atakayekuambia. Baada ya kilomita 100 za mwanzo, lala tena chini ya gari na ukaze kila nati. Rudia kila unapobadilisha oili. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kwamba umefanya badiliko hilo, na hakikisha namba ya gari, taa na ndoano ya kuvutia zinabaki wazi.

Neno la mwisho kwa msomaji

Nyuma ya gari lako barabarani kuna mwendesha bodaboda na abiria wake. Hakuulizwa kama anakubali difyuza yako. Bati likichomoka kwenye kilomita 80 kwa saa, yeye ndiye atakayelipokea, na hana mlango wala kioo cha kumkinga. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya safari ndefu, inama, lishike bati kwa mikono miwili ulitikise kwa nguvu. Likicheza, kaza. Kama huna uhakika hata na bolti moja, lifungue lote ulitie kwenye buti, uendeshe bila hilo. Gari lako lilitoka kiwandani bila difyuza hiyo, na lilikuwa likikufikisha.